Midgar Haikurefushwa Bure

Tangu Final Fantasy VII Remake, gemu ya 1997 iliyotengenezwa upya, itoke Aprili 10, 2020 kwenye PlayStation 4, lawama zake hazijabadilika. Wanasema imetiwa maji, kwa sababu mji wa Midgar uliomalizika kwa saa sita au saba kwenye gemu ya 1997 sasa unakula saa thelathini na zaidi. Wanasema imeacha mapigano ya zamu. Wanasema imeuzwa vipande vipande. Na kubwa kuliko zote, wanasema imeuchezea mkasa ambao watu waliupenda ulivyo. Zipo lawama ninazozikubali, na nitazitaja. Ila hiyo ya kwanza, inayorudiwa kuliko zote, naiona imepotoka kabisa. Kule kurefushwa kwa Midgar ndiko kulikonifanya niipende Remake kuliko gemu nyingine yoyote ya kuigiza uhusika, na bila huko sidhani kama kungekuwa na sababu ya kuitengeneza upya.

Anayetaka kuicheza bila kujua yaliyomo aishie hapa, maana siwezi kuitetea bila kusimulia yanayotokea.

Gemu asilia ilitoka Japani Januari 31, 1997, kwenye CD tatu za PlayStation ya kwanza. Mwongozaji wake alikuwa Yoshinori Kitase, mtayarishaji Hironobu Sakaguchi, wahusika walibuniwa na Tetsuya Nomura na muziki ukatungwa na Nobuo Uematsu. Midgar ni mji wa chuma wa tabaka mbili. Juu, kwenye mabamba makubwa yaliyoshikiliwa na nguzo, wanakaa wenye nafasi zao. Chini ya mabamba hayo, jua lisikofika, wanakaa walalahoi kwenye vibanda vya mabati na mabaki ya vyuma. Kampuni ya umeme ya Shinra ndiyo serikali, ndiyo jeshi, ndiyo yenye kuamua televisheni iseme nini. Vinu vyake vinane vinafyonza mako, yaani uhai wenyewe wa sayari, na kuugeuza umeme. Kikundi cha Avalanche kimeapa kuvilipua vinu hivyo, na Cloud Strife, mamluki mwenye upanga mkubwa karibu sawa na mwili wake, anakodiwa kuwasaidia.

Katika gemu ya 1997, Shinra inapotaka kuikomoa Avalanche, inaliangusha bamba zima la Sekta ya 7 juu ya watu wanaoishi chini yake. Mwanzoni mwa hadithi hakuna unyama unaoufikia huo. Lakini jiulize mchezaji alikuwa amewajua watu gani wa pale kabla hawajafa. Tifa, rafiki wa Cloud tangu utotoni, na baa yake. Wenye maduka. Watu wachache waliosimama njiani wakisubiri ubonyeze kitufe ili waseme sentensi mbili. Bamba linaanguka, unasikitika kama msikilizaji wa taarifa ya habari, kisha safari inaendelea. Siwalaumu waliotengeneza gemu ile. Walikuwa na dunia nzima ya kuijaza, na Midgar ilikuwa mlango tu wa kuingilia.

Remake imekaa mlangoni, na imekaa kwa sababu. Chukua sura ya 3, ambayo wengi huiita ya kupoteza muda. Hakuna kinu kinacholipuliwa humo. Marle, mama mwenye nyumba, anampa Cloud chumba kwenye jengo la Stargazer Heights, jirani na Tifa, huku akimtazama kwa jicho la mama anayemlinda binti yake. Tifa anamzungusha mtaani kubadilisha vichujio vya maji na kukusanya malipo. Wymer na wenzake wa ulinzi shirikishi wanamtuma kuua wanyama hatari. Mtoto anayeitwa Betty anamwomba amtafutie paka wake waliopotea. Ukitembea kwenye vichochoro, watu wanazungumza wao kwa wao bila kukusubiri: kuhusu mlipuko wa jana, kuhusu kazi, kuhusu umeme. Wengine wanawalaani Avalanche kwa sauti, na wewe unapita kando yao ukijua kwamba ni wewe. Hayo ndiyo maji yanayolalamikiwa. Ninachokiona mimi ni gemu inayokufanya uuzoee mtaa, ujue duka liko upande gani na baa iko upande gani, ili sura ya 12, bamba linapoangushwa, ikifika usihitaji ramani.

Kwa sababu sura ya 12 ikifika, unakimbia njia zilezile. Kwanza uko na Cloud, mnaipanda nguzo huku helikopta za Shinra zikiwamiminia risasi. Kisha gemu inakukabidhi Aerith, muuza maua aliyeungana nao, akiwa chini, akikimbilia baa ya Seventh Heaven kumchukua Marlene, binti mdogo wa Barret, kiongozi wa kikundi. Kona unazifahamu. Watu wanaokimbia kuelekea upande wa pili ni majirani. Wedge, mmoja wa Avalanche, anahangaika kuwatoa. Hakuna maneno yanayokueleza kwamba jambo hili ni zito. Uzito wake ulishawekwa, saa nyingi nyuma, na paka wa Betty na vichujio vya maji.

Sura ya 4 nayo sikubali iguswe. Katika gemu ya 1997, Jessie alikuwa msichana wa mabomu mwenye maneno machache na mwisho wa haraka. Hapa anawapandisha wenzake juu ya bamba usiku, hadi nyumbani kwa wazazi wake. Wakati mama yake anawakaribisha wenzake Biggs na Wedge mezani, Cloud anaingia kwa mlango wa nyuma kuiba kitambulisho cha kazi cha baba yake. Chumbani anamkuta mzee mwenyewe kitandani. Alikuwa mfanyakazi wa Shinra, mako ikamdhuru, na tangu hapo amelala bila kuamka. Jessie alikuwa mwigizaji kwenye ukumbi wa Gold Saucer, mahali pa burudani, kabla ya siku hiyo. Gemu haikupi hotuba. Unasimama kwenye chumba cha mgonjwa, unachukua kadi kwenye sare yake, unatoka. Ukiwa nje unaelewa kwa nini binti mcheshi anatengeneza mabomu, na pia kwamba hata waliofanikiwa kukaa juu ya bamba wanaliwa na kampuni ileile. Ni kazi ya dakika chache tu, na gemu ya awali haikuwa na nafasi nayo.

Sura ya 6 inachukiwa zaidi, na hapo nawaelewa kidogo wanaolalamika. Uko ndani ya tumbo la bamba, unazima taa kubwa ili umeme upatikane kwa ajili ya lifti. Ni polepole, ni ngazi juu ya ngazi. Lakini angalia unazima taa gani. Ni zile zinazowaangazia watu wa mabandani, jua pekee walilo nalo. Wanaojiita watetezi wa walalahoi wanalazimika kuwazimia walalahoi taa ili wafike kwenye kinu. Kama kuna mahali kwenye gemu hii pangestahili kwenda taratibu, ni hapo.

Yale yanayostahili lawama nayakubali bila kigugumizi. Maabara ya Hojo, mwanasayansi wa Shinra, katika sura ya 17 ni ndefu kupita kiasi, na inakuja wakati damu imeshachemka na mtu anataka kufika mwisho. Mikono ya mitambo ya sura ya 9, unayoiendesha ili Aerith apite, haiongezi chochote. Kupenya kwenye nyufa za kuta mara kwa mara, mbinu ya kuficha kwamba mashine inapakia eneo linalofuata, kunachosha. Mlango wa chumba cha Cloud ulikuwa na sura mbovu hadi ukawa gumzo la dunia nzima, na ukarekebishwa toleo la Intergrade lilipokuja kwenye PlayStation 5 Juni 2021. Na linaloniuma zaidi: baada ya kukipa kifo cha Sekta ya 7 uzito wote ule, waandishi wakaurudisha mkono nyuma. Wedge anakutwa hai chini ya kifusi, na mwishoni tunaonyeshwa Biggs kitandani akipumua. Pale walikosa ujasiri.

Kuna lawama moja isiyosemwa sana lakini yenye makali kuliko zote, nayo inatoka kwa watu wanaoijua hadithi kwa undani. Mwaka 1997, bomu la Avalanche ndilo lililokilipua Kinu Namba 1, na waliokufa walikufa kwa mkono wao. Barret na wenzake walibeba dhambi hiyo hadi mwisho. Katika Remake tunaonyeshwa kwamba bomu la Jessie lilikuwa dogo. Shinra yenyewe inaamuru mitambo yake ikimalize kinu, kisha inatumia maafa hayo kuwachochea wananchi dhidi ya Avalanche na dhidi ya taifa la Wutai. Kwa hiyo, wanasema, mashujaa wamesafishwa mikono.

Ningeikubali hoja hiyo kama gemu ingewaambia mashujaa ukweli huo. Haiwaambii. Mchezaji anajua, wao hawajui. Mara baada ya mlipuko unamtembeza Cloud katika mitaa ya Sekta ya 8 inayowaka, na matembezi ni marefu kwa makusudi: majeruhi wamekaa kando ya barabara, watu wanaitana majina, vioo vimetapakaa. Jessie anajilaumu kwamba alikosea vipimo vya bomu lake. Anabeba hatia ya uongo wa mtu mwingine, na kwa kadiri ninavyoona hiyo ni hatia chungu kuliko ya awali, maana hawezi hata kuitubu ipasavyo. Na Shinra, ambayo zamani ilikuwa kampuni yenye tamaa tu, sasa ni dola inayojua kwamba adui ana faida kuliko umeme. Kipande hiki cha hadithi kimezidi kuwa kikali, wala hakijalainishwa.

Kuhusu mapigano nitasema kwa kifupi, kwa sababu malalamiko yenyewe yamejengwa juu ya kumbukumbu isiyo sahihi. Gemu ya 1997 haikuwa ya zamu kwa maana ya wewe upige kisha mimi nipige. Ilitumia ATB, mfumo uliobuniwa na Hiroyuki Ito na kuonekana kwanza katika Final Fantasy IV mwaka 1991: mstari wako unajaa kwa muda, wa adui nao unajaa, na anayewahi ndiye anayepiga. Remake imeuchukua mstari huohuo na kuukata vipande viwili. Mapigo ya kawaida unayapiga bure, nayo yanaujaza mstari haraka. Uchawi, mbinu maalumu, hata kunywa dawa, vyote unavilipia kwa vipande hivyo. Ukifungua menyu, wakati unakaribia kusimama ili uchague. Anayebofya kitufe kimoja mfululizo kwenye pedi hafiki mbali.

Mfano mzuri ni Hell House. Mwaka 1997 ilikuwa nyumba yenye miguu uliyokutana nayo njiani na kuisahau. Katika Remake inaingizwa kwenye uwanja wa mapambano wa Don Corneo, mkuu wa wahalifu wa mtaa wa starehe wa Wall Market, mbele ya watazamaji wanaopiga kelele, na Cloud na Aerith wako wawili tu. Madirisha yake yanabadilika rangi: yakiwaka mekundu imejikinga kwa moto, na unapaswa kuipiga kwa barafu, yakigeuka buluu, moto ndio unaofaa, kisha upepo na radi navyo kwa mpangilio wake. Hujui inabadilika lini. Ukiwa umetumia vipande vyote vya Aerith kwa uchawi wa barafu na rangi ikageuka, umeumia. Kwa hiyo unajifunza kuweka akiba, kumtumia Cloud kukusanya muda na Aerith kuutumia. Huo ni ufikiriaji uleule wa gemu za zamani, tofauti ni kwamba sasa mikono nayo ina kazi. Na asiyetaka mikono ifanye kazi amewekewa hali ya Classic, ambamo wahusika wanapiga na kujikinga wenyewe, naye anachagua amri tu.

Kuuzwa vipande? Hapo nina maneno mawili. Jalada halikusema wazi kwamba hii ni sehemu ya kwanza, na hilo halikuwa jambo la haki kwa mnunuzi. Kwa kijana wa Dar es Salaam au Nairobi anayejikusanyia pesa za gemu moja kwa miezi, dola 60 za mwanzo wa hadithi ni kitu cha kuambiwa mapema. Lakini kilichomo kinatosha kuwa gemu nzima: sura 18 zenye mwanzo wake na mwisho wake. Rebirth, sehemu ya pili iliyofuata Februari 29, 2024, ilihitaji diski mbili za PlayStation 5, na nani angetaka hayo yote yabanwe kwenye boksi moja, Midgar ikarudi kuwa ya saa sita? Tena hadithi ya awali haijanyang'anywa mtu. Gemu ya 1997 inauzwa hadi leo kwenye kompyuta na konsoli za kisasa, na kwenye simu za Android tangu 2016. Wengi wetu huku tuna simu kabla ya konsoli, kwa hiyo pengine ni rahisi kwetu kuipata ya zamani kuliko mpya.

Tumebaki na lile kubwa: Whispers. Ni vivuli vyenye majoho ya kijivu vinavyojitokeza kila hadithi inapotaka kwenda kinyume na ilivyokuwa mwaka 1997. Barret anaamua kumwacha Cloud kwenye safari ya kulipua kinu cha pili. Whispers wanauvamia mtaa, Jessie anaumia, na Cloud analazimika kwenda kama zamani. Sephiroth, adui mkuu wa hadithi, anamchoma Barret upanga na kumuua. Whispers wanamrudishia uhai, kwa sababu siku yake haijafika. Mwishoni mashujaa wanapigana na vivuli hivyo na kuvishinda, na kuanzia hapo hakuna anayejua hadithi inaelekea wapi. Watu walikasirika. Walisema walikuja kuiona hadithi wanayoipenda ikiwa na sura mpya, wakapewa mjadala kuhusu hatima.

Nawaelewa, lakini fikiria tatizo walilokuwa nalo Nomura, Kitase na mwandishi Kazushige Nojima. Kifo cha Aerith mwishoni mwa CD ya kwanza ndicho kilichoifanya Final Fantasy VII ikumbukwe. Kilimpiga mchezaji wa 1997 kwa sababu hakukitegemea. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, hata mtu ambaye hajawahi kushika pedi anajua kwamba Aerith anakufa. Wapo watakaosema kujua mwisho hakuharibu hadithi: kila anayesikiliza habari za Fumo Liyongo anajua sindano ya shaba inamsubiri, na bado anahuzunika. Ni kweli kwa utenzi. Lakini msikilizaji wa utenzi hamwandai Liyongo kwa vita. Mchezaji wa gemu ndiye anayemnunulia Aerith fimbo, anayemchagulia materia, yaani mawe ya uchawi, anayeamua kama inafaa kutumia saa nyingi kumwongezea nguvu. Anayejua kwamba atamkosa hasumbuki. Anamwacha dhaifu, anawajenga wengine, na kifo kikija hakimgharimu chochote. Kujua mwisho kunabadilisha namna unavyomtendea mhusika, tangu saa ya kwanza ya kukutana naye.

Njia pekee ya kumrudishia mchezaji huyo hofu ya 1997 ilikuwa kumnyang'anya uhakika wake. Ndivyo Whispers wanavyofanya kazi: kwanza wanakuonyesha kwamba hadithi inaweza kupinda, halafu wanaondoka. Nikimaliza Remake sikujua kama Aerith angepona, na kwa sababu sikujua, katika Rebirth nilimjenga kama ninavyomjenga Tifa au Barret. Tulipofika pale panapojulikana, roho ilikuwa mkononi. Kwamba Rebirth baada ya hapo ilichanganya picha za ulimwengu mmoja na mwingine mahali palipohitaji utulivu, nakubali, na nadhani Naoki Hamaguchi, aliyeiongoza, angefanya vizuri kutuacha tulie kwanza. Ila hiyo ni dosari ya Rebirth. Remake ilifanya lililoonekana haliwezekani, kumfanya mtu aogope jambo analolijua tangu utotoni.

Wakati naandika haya sehemu ya tatu haijatoka. Katika gemu ya 1997, baada ya kuizunguka dunia, mashujaa wanarudi Midgar usiku, wanaruka kwa miavuli, wanapita mahandaki ya chini ya mji na kumkabili Hojo kwenye mzinga mkubwa wa Shinra. Mwaka ule Midgar ya kurudi ilikuwa vichuguu na maadui tu. Sasa ina Marle, ina Betty, ina watoto wa Sekta ya 5 na watu wa Wall Market, ina kifusi cha Sekta ya 7 ambacho bila shaka kuna walioanza kujenga juu yake. Hamaguchi na wenzake wakituvusha mahandakini bila kutuonyesha watu hao, nitakuwa wa kwanza kuwalaumu.